Siku Tuliyofundishwa Kuchuna Chai

Mwaka juzi nilikuwa naishi kwenye laini za shamba moja la chai, zile safu ndefu za nyumba za wafanyakazi, si mbali na mji wa Kericho. Kazi yangu ilikuwa kupakua kuni za kiwandani. Kabla ya hapo nilikaanga mandazi Roret, na kabla ya mandazi nilikamua ng'ombe wa mtu Kaplong. Shule niliiacha darasa la saba. Hakuna aliyenifukuza. Barabara ilipita karibu na dirisha la darasa letu na nilitaka sana kujua inaishia wapi.

Kwa hiyo kina mama wa kikundi cha wachunaji walipochanga wakakodi gari la watalii pamoja na mwongozaji, waende kushinda siku nzima kwenye kile kilima ambacho kila mtu alikuwa akipigia picha, na kiti kimoja kikabaki bila mtu, nilikubali kabla hawajamaliza kuuliza. Mwanamume ningekuwa mimi peke yangu, ukiacha dereva na mwongozaji. Hilo halikunisumbua. Walinisumbua wao.

"Utabeba mikoba yetu," mwenyekiti wao aliniambia. Alikuwa mama mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto.

"Nitabeba."

"Na ukiona aibu?"

"Nitabebea huko nyuma."

Aliyekuwa na sababu hasa ya kwenda ni jirani yangu, mlango kwa mlango. Alikuwa Mgusii, aliyeletwa pale akiwa bibi harusi, na tangu hapo alikuwa amechuna chai miaka thelathini na kitu. Wenzake wengi walikuwa Wakipsigis na walimwita Kogo, yaani nyanya, naye alikuwa ameshalizoea kuliko jina lake. Kogo alistaafu Ijumaa. Jumatatu lori lingekuja kubeba kitanda chake, sufuria zake na kuku wake sita na kumrudisha kwao Kisii. Safari yetu ilikuwa Jumamosi, katikati hapo.

"Hii chai mimi nimeiona mpaka hapa," aliniambia, akaweka kiganja kiunoni. "Miaka yote hiyo, mpaka kiunoni. Nikisimama naona mgongo wa mwenye yuko mbele yangu. Sijawahi kuiona yote."

Waliotangulia kupanda kile kilima walimwambia kwamba kutoka juu, sehemu yetu ya shamba huonekana nzima, kuanzia mtoni mpaka kwenye miti ya blugamu. Walisema imelala kama kitanda kilichotandikwa. Kogo hakutaka kitu kingine kwenye safari ile. Bembea hakuitaka, picha hakuitaka. Alitaka kuona kile kitanda, na hasa mistari yake mwenyewe, maana aliamini ndiyo iliyonyooka kuliko yote na hakuna msimamizi aliyewahi kukiri.

Shida ilikuwa moja. Nchi ile mvua hunyesha mchana, karibu kila siku, na kabla ya mvua wingu huja kukaa juu ya kilima. Likishakaa, hata mkono wako huuoni vizuri. Basi Kogo alimwambia kila mtu, hata mimi, hata jogoo wake nadhani: "Saa sita tuwe juu. Saa saba ni ya wingu."

Sasa nieleze nilivyokaribia kumharibia.

Gari liliagizwa kwa niaba yao na binti wa mwenyekiti, anayekaa Nairobi. Kwa sababu barabara ya laini ilikuwa tope, tulikubaliana tuchukuliwe mjini Kericho. Kwa hiyo mwongozaji alikuwa na karatasi iliyosema kikundi cha Nairobi, na mbele yake wakasimama kina mama kumi na wawili waliovaa nguo za kanisani, mawigi, viatu vya kung'aa, na mwenyekiti akiwa na miwani nyeusi iliyomfunika nusu ya uso. Atajuaje?

Mwongozaji alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini hivi, mwenye kofia pana na uso mwema. Alikuwa amehamia kutoka Naivasha mwezi uliopita, alikokuwa akiwazungusha wageni kwa boti kuona viboko. Aliingia garini, akashika kipaza sauti kidogo, akakipuliza mara mbili.

"Karibuni Kericho!" akasema. "Mmetoka mbali, poleni na safari."

Kina mama wakatazamana. Wengine walikuwa wametembea dakika ishirini kufika kwenye lami, kisha wakapanda pikipiki.

"Asante," mwenyekiti akasema polepole.

"Leo mtaona kitu hamjawahi kuona. Nani hapa amewahi kukutana na mmea wa chai, uso kwa uso?"

Ukanipanda ule utani ambao umenifukuzisha kazi mara kadhaa. Nikainua mkono.

"Sisi hatujawahi," nikasema. "Inakaa kama sukuma wiki?"

Kogo, aliyekaa kando yangu, alinipiga teke la mguu. Lakini huko nyuma mtu mmoja alitoa sauti kama chupa ya soda inayofunguliwa, na mwenyekiti akavua miwani, akanitazama, akaivaa tena.

"Ndiyo," akasema kwa sauti nyembamba ambayo sijui aliitoa wapi. "Sisi huona tu ile ya pakiti."

Ikawa imeisha. Tulikuwa watu wa Nairobi.

Yule mtu alifurahi kiasi kwamba alisahau kukaa chini. Alitueleza chai inatoka ng'ambo, inapenda mvua, inapenda baridi. Katikati aliteleza akatuambia tukiwa karibu nayo tusipige kelele wala kusimama ghafla, halafu akajikumbuka, akasema hapana, hiyo ni ya viboko. Mama mmoja aliuma kitambaa chake cha kichwa. Mwingine akauliza kama maziwa yamo ndani ya jani au huongezwa baadaye. Mwongozaji akamjibu kwa upole mkubwa.

Kogo peke yake hakucheka. "Ni saa ngapi?" akaniuliza.

"Saa tatu na nusu, Kogo."

"Basi mchezeni. Lakini saa sita."

Kumbe katika bei ya safari kulikuwa na kituo cha njiani. Chini ya kilima kuna mkulima mdogo aliyekubaliana na wenye magari kwamba wageni watashuka kwenye shamba lake, wafundishwe kuchuna, wabebe kikapu, wapigwe picha, waende. Dakika kumi na tano. Gari liliposimama pale na mwongozaji akatangaza, "Sasa mtafundishwa kuchuna chai!" kina mama walishuka wakiwa wameshikana mabega, na nilijua kwamba mmoja wao akianza kucheka sote tutakwisha.

Mwongozaji akaingia kati ya mistari, akasimama mbele ya kichaka. Akainua kidole.

"Tunachagua jani zuri, kubwa, la kijani kabisa," akasema, na akang'oa jani gumu la chini, lile ambalo karani wa kupima angekurushia usoni. Alilivuta kama mtu anayenyonyoa kuku. Tawi likaja nalo.

Nyuma yangu nikasikia Kogo akivuta pumzi.

"Haya, mama, wewe jaribu," mwongozaji akamwambia. Kwa nini alimchagua yeye sijui, labda kwa sababu ndiye aliyekuwa hacheki. Akamvisha kikapu, kamba ikakaa kifuani badala ya kichwani. "Usiogope. Haiumi."

"Haiumi?" Kogo akauliza.

"Hata kidogo."

Naapa alijaribu. Aliugusa ule mmea kwa kidole kimoja, kama mtu anayepima uji kama umepoa. Akachuna jani moja. Akachuna la pili. Kisha akaona mbele yake kichaka kilichopitiliza, machipukizi marefu yaliyoachwa siku nyingi, na kitu fulani katika mabega yake kikakaa sawa. Akapandisha kamba kichwani. Mikono yote miwili ikaingia kazini, tap tap tap, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, akirusha nyuma bila kutazama, na mpaka mwongozaji afunge mdomo kitako cha kikapu kilikuwa kimefunikwa.

"Wacha!" mwongozaji akasema. "Huyu mama ana kipaji!"

Hapo ndipo tulipopasuka. Mwenyekiti aliketi chini kwenye nyasi na gauni lake jeupe. Mimi nililia machozi. Na kwa vile Kogo alikuwa ameshaanza, na kuona mtu anachuna peke yake katika shamba lililopitiliza ni jambo ambalo mikono ya wale wanawake haiwezi kuvumilia, walivua viatu vya kung'aa, wakafunga leso kiunoni, wakagawana mistari bila kuambiana. Nani wa kulia, nani wa kushoto, walijua tu. Wakaenda. Mmoja akaanza wimbo na wengine wakaudaka. Waliokosa kikapu walichunia kwenye kanga.

Mwongozaji alinitazama. "Hawa si wa Nairobi," akasema.

"Si sana," nikasema.

Dakika kumi na tano zingetosha hata hivyo. Lakini mwenye shamba alisikia wimbo, akatoka nyumbani akikimbia. Nilidhani atatupigia kelele. Alisimama ukingoni, akatazama mistari mitano iliyokwisha kusafishwa, akavua kofia.

"Wachunaji wangu hawajakuja wiki mbili!" akasema. "Wako harusini! Mama zangu, malizieni tu mpaka kule kwenye kisima!"

"Sisi ni watalii," mwenyekiti akamjibu bila kuinua kichwa.

"Kongoi, asante, mtalii, kongoi sana. Mpaka kwenye kisima."

Akaleta chai. Akaleta viazi vitamu. Kila tulipotaka kuondoka alitoka na sufuria nyingine, na bibi yake akaleta maziwa lala kwenye kibuyu, na kina mama hawakuweza kuacha mstari katikati kwa sababu mstari hauachwi katikati, wala kukataa kibuyu. Nilikuwa nikizunguka huku na huku nikiuliza maswali: kwa nini mti huu una majani ya zambarau, nani alipanda hii, kisima kina kina gani. Nilifurahi kama mbwa aliyefunguliwa.

Kisha nikamwona Kogo. Alikuwa ameshafika mwisho wa mstari wake muda mrefu. Alisimama na kikapu kilichojaa, akitazama juu. Niliyafuata macho yake. Pembeni ya kilima, upande wa kulia, kulikuwa na kipande cha wingu, kidogo tu, cheupe.

"Ni saa ngapi?" akauliza.

Sikutaka kumwambia. Ilikuwa saa sita na dakika kumi.

Hakunilaumu. Angenilaumu ningepata nafuu. Alivua kikapu, akakiweka chini, akaenda kukaa garini peke yake. Nilikimbia kwa mwongozaji nikamweleza yote kwa pumzi moja: kwamba si Nairobi, kwamba mimi ndiye niliyeanza, kwamba yule mama anaondoka Jumatatu na anataka kuona chai yake kutoka juu mara moja tu. Nilitegemea anitukane. Alifuta uso kwa kofia.

"Kwa hiyo nimemfundisha mtu wa miaka thelathini kuchuna," akasema.

"Na kitu."

"Nikamwambia haiumi."

"Ndiyo."

Akaanza kutetemeka mabega, na nilichukua muda kuelewa kwamba anacheka. Kisha akageuka akapiga makofi kwa sauti ambayo hata viboko wangetoka majini. "Kila mtu kwenye gari! Atakayebaki atachuna mpaka Jumatatu!"

Kutoka mahali pa kuegesha magari hadi juu ni ngazi za mawe, nyingi, na magoti ya Kogo yalikuwa ya mtu aliyesimama kwenye miteremko maisha yake yote. Wengine walitupita. Mimi nilimshika mkono wa kulia, mwongozaji wa kushoto. Mwongozaji alikuwa ameacha maelezo yote, alihema tu.

"Mama, si ungeniambia," alisema mahali fulani katikati.

"Si ungeuliza," Kogo akasema. "Ulikuwa unaongea."

"Ni kweli. Naongea sana."

"Jani kubwa la chini usichukue tena. Hilo ni la kulisha mti. Na usivute. Vunja."

"Vunja."

"Kwa dole gumba. Hivi." Akasimama kwenye ngazi, na wingu likija, kumwonyesha kwa kidole chake mwenyewe.

"Kogo, twende!" nikamwambia.

"Na wewe nyamaza, ndiwe uliyeuliza sukuma."

Tulifika juu, na wingu likafika nalo. Liliingia kutoka nyuma yetu, la baridi, lenye harufu ya nguo mbichi, na kwa muda mfupi likafunika jukwaa la mbao, bembea, kibao kikubwa chenye umbo la moyo na mama zetu kumi na mmoja waliokuwa wamejipanga mbele yake. Mimi nilikuwa sijawahi kuwa ndani ya wingu. Nilitoa ulimi nikalionja. Halina ladha, lakini linalowesha nyusi. Kina mama nao walipagawa. Walipigana picha za ukungu mtupu. "Huyu ni mimi!" "Wapi?" "Hapo kwenye nyeupe!" Mwenyekiti alipanda bembea, akasukumwa, akapotea angani akipiga kelele, akarudi, akapotea tena.

Kogo alikwenda moja kwa moja kwenye ukingo wa jukwaa, akashika ubao kwa mikono miwili, akatazama mahali ambapo chai yake ilipaswa kuwa. Ilikuwa nyeupe. Nilisimama nyuma yake.

Saa saba na nusu dereva alianza kupiga honi huko chini. Barabara ile ikilowa, gari halipandi wala halishuki. Mwongozaji akatazama saa yake, akanitazama mimi, akaenda akasimama karibu na Kogo.

"Mama, nikikuambia tushuke utakubali?"

"Hapana."

"Basi sikuambii." Akatoa simu akamwambia dereva kuna mgonjwa wa goti, asubiri nusu saa. Kisha akaketi kwenye mbao, na mimi nikaketi, na tukasubiri kama watu wanaosubiri kuitwa ofisini.

Wingu lilifunguka upande usiotakiwa. Nyuma yetu, upande wa machweo, likachanika ghafla na jua likaingia, na kina mama wote wakapiga kelele: vilima vya Kisii, kimoja nyuma ya kingine, na migomba, na mabati yakimeta.

"Kogo! Kogo, njoo uone kwenu!"

Hakugeuka hata shingo. "Hiyo nitaiona Jumatatu," akasema. "Mpaka nife nitaiona. Fungeni hiyo, mfungue hii."

Mwongozaji alicheka akashindwa kujizuia, na mimi pia, na sijui kama ni kwa kuona aibu au nini, lakini Kogo naye akaanza, kicheko kidogo cha puani, cha kwanza siku ile. Alikuwa bado anacheka alipoona. Nilijua ameona kitu kwa sababu mikono yake iliacha ubao.

Halikufunguka lote. Lilitoboka tu, tundu lenye ukubwa wa shamba moja, na chini ndani yake ilikuwa chai. Nilikuwa nimefanya kazi pale miezi minane na sikuijua. Rangi ile sijui niiite nini. Ilikuwa kijani kilichowashwa ndani. Ilitandazwa kutoka mtoni mpaka kwenye blugamu bila mkunjo, na mistari ilipita juu yake kama alama za kitana kwenye nywele zilizolowa. Upande mmoja, uliokatwa kwa mashine, ulikuwa laini kama kichwa kilichotoka kinyozini. Upande uliochunwa kwa mkono ulikuwa na mawimbi madogo. Na katika upande wa mkono kulikuwa na nukta za njano, aproni za wachunaji wa Jumamosi.

Kogo alihesabu kwa kidole kuanzia kwenye banda la kupimia. Midomo yake ilikuwa ikienda. Kidole kikasimama.

"Ile," akasema. "Imenyooka. Si imenyooka?"

"Imenyooka, Kogo." Haikuwa uongo. Sijui kama ilinyooka kuliko mingine, lakini ilikuwa imenyooka.

"Nilisema." Kisha uso wake ukabadilika, akainama mbele mpaka mwongozaji akamshika sketi. "Ni nani yule?"

Kwenye mstari wake kulikuwa na nukta ya njano.

"Jana tu nimetoka!" akasema. "Jana! Chai yangu haijapoa hata kwenye kikombe!" Akatazama zaidi. "Na anaruka. Mwaona? Ameruka kichaka. Ameruka kingine. Mungu wangu, anaanzia juu!"

"Labda ni mgeni," nikasema. "Labda ni siku yake ya kwanza."

"Ndiyo maana aambiwe!" Akajaza kifua, akaweka mikono mdomoni. "Weee! Wewe wa njano! Anzia chini! Chini kwa mto, upande juu! Usiruke!"

Mwenyekiti akaruka kutoka kwenye bembea akaja mbio. "Ni nani?"

"Wamempa mtu mstari wangu na hajui."

"Hajui!" mwenyekiti akasema, na kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya mto akaongeza: "Usirukee! Dole gumba! Vunja, usivute!"

Wote kumi na wawili wakajipanga kwenye ubao. Kila mmoja alikuwa na la kumwambia yule mtu: asijaze kikapu kupita kiasi, asimwamini karani wa miguu mirefu, akinyeshewa asisimame chini ya blugamu, afunge leso juu ya aproni. Mwongozaji naye alipiga kelele, "Jani la chini usichukue!" akanitazama kwa fahari. Hakuna binadamu ambaye angetusikia kutoka kule chini. Nukta ya njano iliendelea na kazi yake polepole, ikiruka.

Wingu lilipoziba lile tundu, wengine waliacha mmoja mmoja, wakaanza kukusanya viatu. Matone ya kwanza yakapiga mbao. Dereva alikuwa ameegemea honi kabisa. Nilibeba mikoba yote, nikarudi kumchukua Kogo, nikamkuta bado ameshika ubao, maji yakimtiririka usoni, akielekeza kwa sauti iliyokwisha kukauka ndani ya ule weupe.

"Ukifika kwenye jiwe, geuka," alikuwa akisema. "Pale pana nyuki. Zunguka jiwe, mwanangu, utaona, upande wa pili chai ni nzuri sana."